UZI: Ngazi na njia za nyumbani msimu wa barafu. Chumvi ipi, kiasi gani, na maji yanatoka wapi?

Mkwanguaji (mleta uzi)

Wadau mlioko kwenye baridi yenyewe, Minnesota, Ontario, Ujerumani, Norwei na kwingineko, salamu. Kila msimu maswali ni yale yale: ninunue chumvi gani, mbona nimemwaga mfuko mzima na ngazi bado zinateleza, mwenye nyumba anadai ni kazi yangu. Tuyamalize hapa.

Msimamo wangu ni huu: chumvi ni hatua ya tatu. Ya kwanza ni kujua maji yanakotoka, ya pili ni koleo. Anayeanzia kwenye chumvi atanunua mifuko hadi Aprili.

Barafu ya mlangoni huja kwa njia tatu, na kila moja ina dawa yake:

Ya kwanza ni theluji iliyokanyagwa. Theluji laini inafagilika hata kwa ufagio. Watu wanne wakishapita juu yake inashindiliwa na kushikamana na zege, na hapo koleo halisaidii tena. Dawa yake ni kuwahi kabla ya mtu kupita. Ikianguka nyingi, usisubiri iishe yote. Toa kila inapofika inchi mbili au tatu.

Ya pili ni maji ya mchana yanayoganda usiku. Jua linayeyusha lundo la theluji lililo kando ya njia, maji yanakatiza njia, saa mbili usiku yameshakuwa kioo. Hapa kosa huwa ni mahali ulipolundika theluji. Ilundike upande wa chini wa mteremko, ili maji yakitoka yaende mbali na njia. Wengi hurusha upande ulio karibu na mkono wao, kisha wanailaumu chumvi.

Ya tatu ni mvua inayoganda ikigusa ardhi. Hii ndiyo pekee ambayo chumvi inapaswa kutangulia: nyunyiza kidogo kabla haijaanza, barafu isipate kushika zege.

Vifaa vya kuanzia: koleo pana la plastiki la kusukumia, chombo cha kukwangulia chenye bapa la chuma la inchi sita au saba na mpini mrefu, ufagio mgumu, ndoo yenye mfuniko, na mchanga mkavu. Shoka na nyundo viacheni ndani. Vinavunja kingo za vidato, na kingo iliyovunjika inakusanya maji mwaka unaofuata.

---

Dada_wa_Ontario

Asante mkuu. Swali la haraka: chumvi ya kawaida ya mfuko nikiimwaga kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, punje zinakaa juu ya barafu hadi asubuhi zikiniangalia. Ni feki?

---

Fundi Zege

Si feki, dada, ni baridi imezidi uwezo wake. Chumvi ya mawe, yaani sodiamu kloraidi, kwa matumizi ya nyumbani inaishia kama nyuzi 9 chini ya sifuri za Sentigredi (15 za Farenhaiti). Maabara watakwambia mchanganyiko wa chumvi na maji unaweza kubaki kimiminika hadi nyuzi 21 chini, na ni kweli, lakini ni pale chumvi inapokuwa asilimia 23 hivi ya uzito wa mchanganyiko. Kwenye ngazi yako hutafikia kiwango hicho bila kujaza chumvi kama ya kukaushia samaki.

Angalia uwezo unavyoporomoka. Kwenye nyuzi 1 chini ya sifuri, paundi moja ya chumvi inayeyusha barafu paundi 46 hivi, kwa dakika tano. Kwenye nyuzi 7 chini, paundi hiyo hiyo inayeyusha 8.6 na inachukua dakika ishirini. Kwenye nyuzi 9 chini ni kama paundi 6, na saa nzima. Baada ya hapo unatupa pesa.

Kwa baridi kali zaidi:

Magnesiamu kloraidi inafanya kazi hadi karibu nyuzi 20 chini.
Kalsiamu kloraidi inafika karibu nyuzi 29 chini, na ikikutana na maji inatoa joto, ndiyo maana inaanza upesi.

Kumbuka pia kipimo ni joto la zege, si la hewa inayotangazwa kwenye simu. Usiku usio na mawingu zege linapoa kuliko hewa. Mchana wa jua linaweza kuwa na joto zaidi, na hapo chumvi ya kawaida inafanya kazi hata kama simu inaonyesha baridi kubwa. Kipimajoto cha miale cha bei nafuu, kile cha kuelekeza na kubonyeza, kinakwambia hali halisi ya kidato chenyewe.

---

Mtu wa Kazi

Kalsiamu ina adabu zake. Vaa glavu, maana punje ikikutana na kiganja chenye jasho inaunguza. Inanyonya unyevu wa hewa: ukiacha mfuko wazi, baada ya wiki una uji. Na ukiimwaga nyingi inaacha utando wenye majimaji unaoteleza karibu sawa na barafu uliyokuwa unaipiga vita. Watu hawaelezwi hili dukani.

---

Dada_wa_Ontario

Basi niambieni kiasi. "Nyunyiza kiasi" haina maana kwangu, mimi hupika kwa kupima 😅

---

Mkwanguaji

Wakala wa mazingira wa Minnesota (Minnesota Pollution Control Agency) wanatumia kipimo rahisi: paundi 4 kwa futi za mraba 1,000. Paundi moja ni kikombe cha kahawa cha aunsi 12 kilichojaa hadi kikapanda kilele. Kwa hiyo kikombe kimoja kinatosha futi za mraba 250. Kwa wa mita, ni kama gramu 20 kwa mita moja ya mraba.

Tupige hesabu ya nyumba ya kawaida. Njia ya futi 4 kwa 30 ni futi za mraba 120: nusu kikombe. Vidato vitano vyenye upana wa futi 4 na kina cha futi 1 ni futi za mraba 20: vijiko viwili vya chakula kwa ngazi nzima. Ndiyo, vijiko viwili. Punje zikae mbalimbali, kama inchi tatu kati ya moja na nyingine. Ukiona weupe umetanda, umezidisha mara nyingi.

Sababu ya kutosha kidogo hivyo ni kwamba chumvi haikuwekwa imalize barafu yote. Punje inatoboa hadi chini, maji ya chumvi yanasambaa kati ya barafu na zege, na barafu inaachia. Subiri dakika 15 hadi 20, kisha kwangua. Inatoka mapande mapande. Anayesubiri iyeyuke yote hadi zege likauke anatumia mara kumi, na maji yake yanaganda tena jioni.

Zege likishakauka, fagia punje zilizobaki uzirudishe kwenye ndoo. Punje juu ya zege kavu hazina kazi, zinasubiri tu kuingia mtaroni. Wakala hao hao wanasema kijiko kimoja cha chai cha chumvi kinatosha kuchafua galoni tano za maji, na kloraidi ikishaingia ziwani hakuna njia nyepesi ya kuitoa.

---

KijanaMpya

Wakuu, chumvi ya jikoni? Na maji ya moto? Jirani yangu anamwaga birika zima kila asubuhi.

---

Fundi Zege

Chumvi ya jikoni ni ile ile kikemia, ila punje zake ni ndogo mno: zinayeyuka juu juu kabla ya kutoboa, na kwa kilo ni ghali zaidi. Kwa dharura ya kidato kimoja sawa.

Maji ya moto, hapana. Unaongeza maji mahali ambapo tatizo ni maji. Yanayeyusha, yanatiririka hadi kidato cha chini, yanaganda huko, tena laini na bila hata alama. Isitoshe, zege baridi likimwagiwa maji yanayochemka linaweza kupasuka. Ule mchanganyiko wa sabuni ya vyombo na spiriti unaosambazwa mitandaoni ufae kioo cha gari. Kwenye ngazi spiriti inaondoka, maji yanabaki.

---

Bibi Harusi wa Januari

Mimi hali yangu iko hivi, naomba mnisaidie kitaalamu. Ngazi ya vidato vitano, ya zege, inaelekea kaskazini. Kila asubuhi kidato cha tatu kina barafu upande wa kulia, kama sahani, hata wiki ambayo haijaanguka theluji. Nakwangua, naweka chumvi, kesho iko pale pale. Vingine vyote vikavu.

---

Mkwanguaji

Dada, inua macho. Barafu ya mahali pamoja, upande mmoja, bila theluji, ni tone linalotoka juu. Simama ngazini saa nane mchana siku ya jua, utazame ukingo wa paa juu ya kidato hicho. Nina hakika karibu kamili utakuta mojawapo ya haya:

Gata (mfereji wa ukingo wa paa) imejaa majani, maji hayafiki kwenye bomba la kushukia, yanafurika ukingoni. Zisafishwe baada ya majani yote kudondoka, si kabla.

Kiungo cha gata kimeachia. Hiki kinazibwa kwa gundi maalumu ya gata, lakini lazima pawe pakavu, kwa hiyo ni kazi ya vuli. Katikati ya msimu, zuia kwa muda: funga kamba nene kwenye kiungo, ipeleke pembeni, tone lifuate kamba lidondokee bustanini badala ya ngazini. Haipendezi kwa macho lakini inafanya kazi.

Gata imelala vibaya. Inahitaji mteremko wa robo inchi hivi kwa kila futi 10 kuelekea bombani.

Kama juu ni pakavu, tazama pembeni: bomba la kutolea hewa la mashine ya kukaushia nguo, au lile bomba jeupe la plastiki la tanuru la kisasa la kupasha nyumba joto. Yote mawili yanatoa unyevu mwingi unaodondoka na kuganda.

---

Mtu wa Kazi

Ongezea hapo bomba la chini la gata. Nyumba nyingi bomba linamwaga kando ya njia ya kuingilia. Liongezewe kipande cha futi 4 hadi 6 likielekea bustanini, mbali na msingi na mbali na njia. Lile linalopita chini ya njia kwa bomba lililozikwa mara nyingi huganda Januari, maji yanarudi juu. Pia pampu ya kutoa maji besimenti (chumba cha chini ya nyumba): mpira wake ukielekezwa barabarani, watembea kwa miguu wote wa mtaa wanapita juu ya barafu yako.

---

Bibi Harusi wa Januari

Gata. Kiungo kinavuja tone tone juu ya kidato hicho hicho, upande huo huo. Nafunga kamba leo.

---

Mpangaji_Berlin

Wa Ujerumani, msinakili ushauri wa chumvi moja kwa moja. Berlin mtu binafsi haruhusiwi kumwaga chumvi njiani, na miji mingi ya huku iko hivyo au inaruhusu kwenye ngazi na mvua ya barafu pekee. Soma kanuni za mji wako kabla ya kununua. Kinachotumika ni kokoto ndogo zilizovunjwa, zinauzwa kwenye mifuko msimu huo kila duka la vifaa.

Saa za Berlin: njia iwe imesafishwa kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 2 usiku, Jumapili na sikukuu kuanzia saa 3 asubuhi. Theluji iliyoanguka usiku iwe imeondolewa saa hizo zinapoanza. Jukumu ni la mwenye nyumba, ila anaweza kumpa mpangaji kupitia mkataba. Kwa hiyo soma mkataba wako wa kupanga, hasa ukiishi ghorofa ya chini, na uangalie tangazo la zamu kwenye ukumbi wa ngazi. Ukisafiri kwenda nyumbani Desemba na zamu ni yako, tafuta wa kukushikia na umwandikie msimamizi.

---

Mkwanguaji

Nashukuru kwa hilo. Kwa walioko Minneapolis: nyumba ya familia moja au mbili una saa 24 baada ya theluji kuacha kuanguka, majengo ya ghorofa muda wa saa nne tu, zikihesabiwa za mchana. Ukipuuza, mji unakuja kusafisha na kukutumia bili. Na mji huo unatoa mchanga bure kwa wakazi, unakwenda na ndoo yako.

Mchanga hauyeyushi chochote, unaongeza mshiko, ndiyo maana unafaa pale baridi imeshinda kila chumvi. Siri yake ni ukavu: mchanga wenye unyevu unaganda ndoo nzima ikawa jiwe. Mwage mwembamba. Usiuchanganye na chumvi: chumvi inayeyusha, mchanga unazama kwenye tope, kila mmoja anaharibu kazi ya mwenzake. Kwenye maduka ya mifugo kuna changarawe ya granaiti ya kulishia kuku, ina kingo kali na inashika kuliko mchanga wa mtoni. Mchanga wa choo cha paka unageuka udongo wa mfinyanzi ukilowa, achaneni nao.

---

KijanaMpya

Nyumba yetu ngazi zimejengwa upya mwezi wa tisa. Mjenzi kasema tusiweke kitu. Anakwepa lawama?

---

Fundi Zege

Yuko sahihi. Msimu wa kwanza zege jipya liwekewe mchanga tu. Kinacholiua zege ni maji yaliyo ndani ya vitundu vyake kuganda na kuyeyuka, na chumvi inaongeza idadi ya mizunguko hiyo na kulifanya libaki limelowa. Matokeo ni ngozi ya juu kubanduka vipande vyembamba hadi kokoto zionekane. Zege la nje la nchi hizi linatakiwa kuchanganywa na dawa ya kutengeneza viputo vidogo vya hewa, ili barafu inapopanuka ipate pa kwenda. Muulize mjenzi kama aliiweka. Akibabaika, una jibu.

Magnesiamu na kalsiamu zina ubaya mwingine: zinashambulia saruji yenyewe kikemia, polepole. Na kamwe mtu asiweke mbolea yenye amonia, iwe amonia naitreti au salfeti. Inayeyusha barafu kweli, na zege nalo inalila.

Kiangazi kijacho, zege likiwa kavu, pigeni dawa ya kuzuia maji ya aina inayozama ndani (silani au siloksani). Siyo ile inayong'aa juu: ikilowa inateleza hata bila barafu.

---

Mama Watoto Wawili

Ngazi za mbao je? Na tuna mbwa.

---

Mtu wa Kazi

Mbao zinaganda kabla ya zege la ardhini kwa sababu hewa baridi inapita juu na chini. Njia ikiwa imelowa tu, kibaraza cha mbao kinaweza kuwa kimeshaganda, kwa hiyo hatua ya kwanza nje ya mlango ndiyo ya hatari. Tumia koleo la plastiki, ukisukuma kufuata urefu wa mbao, usikatize. Bapa la chuma litainua vibanzi. Chumvi kidogo haiui mbao, inakula misumari na skrubu. Vidato vipigiliwe vipande vya mpira wenye mikwaruzo, hadi ukingoni kabisa, maana kisigino hutua ukingoni wakati wa kushuka.

Mbwa: punje zinakwama kati ya vidole na kuunguza, halafu analamba. Beseni la maji ya vuguvugu na kitambaa mlangoni. Mifuko iliyoandikwa "salama kwa wanyama" geuza nyuma usome muundo. Nyingi ni magnesiamu ile ile, au yurea, ambayo haifiki hata nyuzi 7 chini. Picha ya mbwa mbele ya mfuko ni biashara.

---

Dada_wa_Ontario

Mikeka ya umeme ya ngazini, inafaa au ni matangazo?

---

Mkwanguaji

Inafaa ikifungwa vizuri, hasa kwa mzee anayeishi peke yake. Iwekwe kabla ya theluji, zege likiwa kavu. Ichomekwe kwenye soketi ya nje yenye kinga inayokata umeme ukivuja, kila mkeka uunganishwe na mwenzake kwa viungo vyake, na jumla ya wati isizidi kilichoandikwa kwenye waya mkuu. Waya usipite chini ya zulia.

Kosa la kawaida ni kuweka mikeka kwenye vidato vya juu tu. Maji yanatiririka, yanafika kidato cha chini kisicho na mkeka, yanaganda. Vidato vyote viwe navyo, na chini ya cha mwisho maji yawe na mahali pa kwenda.

---

Fundi Zege

Nimalizie na maji ya chumvi, kwa wanaopenda kutangulia. Gramu 300 za chumvi kwa lita moja ya maji, koroga hadi iishe, weka kwenye bomba la kunyunyizia dawa ya bustani. Pulizia mistari myembamba njiani saa chache kabla ya theluji, zege likiwa kavu. Chumvi inayotumika ni chache kuliko kumwaga baadaye, na theluji haishikani na zege. Usipulizie ikiwa mvua ya kawaida itatangulia, itaosha yote, wala ikiwa zege liko chini ya nyuzi 9 za baridi, utakuwa umetengeneza barafu kwa mkono wako. Suuza bomba baada ya kazi, chumvi inakula vali.

---

Mama Watoto Wawili

Na ikiwa asubuhi umechelewa kazini, hakuna muda wa yote haya?

---

Mtu wa Kazi

Mchanga, ukufi mmoja kwa kila kidato, kuanzia juu kushuka chini, mkono mwingine kwenye reli. Ndoo ikae ndani ya mlango, si nje, ili usilazimike kukanyaga barafu kuifuata. Ukishuka weka unyayo mzima, hatua fupi, mikono nje ya mifuko. Vyuma vya kuvalisha viatu vifae njiani, lakini vivue kabla ya kuingia dukani: kwenye vigae vinateleza vibaya kuliko soli tupu.